Picha za rangi za mashambani Marekani: zinasema kweli au zinaipaka dhiki poda?

Kibuyu (mleta mada): Wakuu, nimezama kwenye picha za rangi za FSA, ile idara ya Rais Roosevelt ya kuwainua wakulima wadogo. Ukijumlisha na za OWI, ofisi ya habari za vita iliyoendeleza kazi hiyo, ziko kama 1,600, za 1939 hadi 1944 hivi, zinatunzwa Maktaba ya Bunge. Mdororo Mkuu, ule wa uchumi wa miaka ya 1930, tumeuzoea mweusi na mweupe, yule mama kwenye picha ya Dorothea Lange, mkono shavuni. Sasa tazama Pie Town, New Mexico, 1940: Russell Lee kanasa magauni ya maua, anga buluu, watu wanapakuliwa nyama. Tumwamini nani?

Mzee wa Fitina: Dhiki ipi? Kuna mama wa hapo hapo Pie Town na rafu nzima ya chupa za vyakula. Mtaani kwetu huyo angekopesha watu.

Binti Shinyanga: Wewe njaa umeisoma tu. Hao walikimbia ukame na vumbi la Texas na Oklahoma, wengine wakalala kwenye nyumba za kuchimbwa ardhini. Chupa zile ni za kuvukia majira ya baridi. Bibi yangu alikuwa na michembe, viazi vitamu vikavu, kihenge kizima na viatu hakuwa navyo. Naye tajiri?

Ndugu Lenzi: FSA yenyewe ndiyo iliyokopesha wakulima na kufundisha akina mama kuhifadhi vyakula kwenye chupa. Picha ile ni ripoti ya kazi kwa walipa kodi. Halafu Kodachrome, filamu ya rangi ya enzi zile, ilitaka mwanga mwingi, bila jua kali hupati kitu. Ndiyo maana kila siku inaonekana sikukuu.

Mzee wa Fitina: Propaganda, umekubali mwenyewe. Rothstein, mpiga picha wao, 1936 si alibeba fuvu la ng'ombe kilomita kadhaa kutafuta ardhi iliyopasuka ya kulipigia picha?

Ndugu Lenzi: Hatua chache, South Dakota, na ardhi ilikuwa imepasuka kweli. Hizo kilomita umeongeza wewe. Hata magazeti yaliyompinga Roosevelt mwaka ule wa uchaguzi yangekuonea aibu.

Mzee wa Fitina: Aliyehamisha kahamisha. Na Binti, michembe huchemshwa kwanza, usitudanganye na vihenge vyako.

Kapuku: Mbona hakuna anayetaja Clarksdale, Mississippi? Picha ya Marion Post Wolcott wa FSA hiyo hiyo, 1939, vibarua weusi wanachuma pamba ya mtu. Mweupe maskini wa Pie Town angalau alikuwa na shamba la kuliita lake.

Mzee wa Fitina: Usituletee siasa.

Kapuku: Picha za serikali, za idara ya serikali, siasa nimeleta mimi?

Binti Shinyanga: Kinachochemshwa ni matobolwa! Michembe hukatwa mbichi, ikaanikwa. Uliza Msukuma yeyote.

Mzee wa Fitina: Mke wangu Msukuma.

Binti Shinyanga: Basi anakula peke yake.

Kibuyu: Wakuu, na picha?

Mzee wa Fitina: Weka ya michembe tuamue.