Mwaka 1965: bango la darasa liongozwe na Kongo au Rhodesia?

Mwalimu wa Ujiji:

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Ninafundisha historia katika shule moja ya sekondari hapa Ujiji. Muhula huu nimewapa wanafunzi wa kidato cha nne kazi ya kuchagua mwaka mmoja, kueleza matukio makubwa yaliyotokea duniani katika mwaka huo, kisha kuyapanga kwenye bango litakalobandikwa ukutani. Kundi moja limechagua 1965 na limekwama kwenye kichwa cha bango. Wapo wanaotaka liongozwe na Rhodesia (Zimbabwe ya leo), ambako waziri mkuu Ian Smith alijitangazia uhuru wa walowezi tarehe 11 Novemba. Wengine wanataka Kongo, ambako mkuu wa jeshi, Mobutu, alitwaa madaraka usiku wa tarehe 24 kuamkia 25 Novemba. Katikati ya matukio hayo mawili, tarehe 21 Novemba, mwanamapinduzi Che Guevara, aliyekuwa amekwenda kuwasaidia wapiganaji wa Kongo, na Wakuba waliosalia naye walivuka ziwa kutoka upande wa Kongo wakateremka Kigoma, na jambo hilo ndilo lililowasha mjadala, kwa kuwa wengi wa wanafunzi wangu hawakuwahi kulisikia.

Tarehe tumekwisha kuzikusanya, kwa hiyo siombi orodha. Ninaomba mnisaidie kujua kama matukio haya yana uzi unaoyaunganisha au yaliangukia mwaka mmoja kwa bahati tu, na kama uzi huo upo, tuushike kuanzia wapi. Tumezoea kuyafundisha katika mada tofauti, Kongo peke yake na ukombozi wa Kusini mwa Afrika peke yake, hata mwanafunzi anamaliza shule bila kutambua kwamba yalipishana kwa siku chache tu.

---

Ng'ambo ya Ziwa (Kigoma mjini):

Mwalimu, bango liongozwe na Kongo, ila msianzie Novemba. Anzieni Bujumbura, mwezi Januari.

Tarehe 15 Januari 1965 waziri mkuu wa Burundi, Pierre Ngendandumwe, aliuawa kwa kupigwa risasi, siku chache tu baada ya kuteuliwa. Kabla mwezi haujaisha, Burundi ilikuwa imesitisha uhusiano na China na kuwaondoa wanabalozi wake. Kwa mtu anayeishi Dodoma au Mtwara habari hiyo inaweza kupita hivi hivi, lakini kwetu sisi ilikuwa nzito, maana wapiganaji wa Kongo walioasi serikali yao, waliokuwa upande wa Uvira na Fizi, walitegemea sana msaada uliopitia Bujumbura. Mlango ule ulipofungwa, njia ya kutegemewa ikawa ni Dar es Salaam, reli ya kati, gati ya Kigoma, kisha boti usiku kwenda ng'ambo.

Wanafunzi waelezwe pia kwa nini Tanzania ilikubali njia hiyo ipite kwake. Waziri mkuu wa Kongo wakati huo alikuwa Moïse Tshombe, yule yule aliyeongoza jimbo la Katanga lililojitenga, ambako Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, aliuawa Januari 1961. Tshombe alikuwa ameajiri askari mamluki wa kizungu, wengi wao kutoka Afrika Kusini na Rhodesia, wakiongozwa na Mike Hoare. Novemba 1964 askari wa miamvuli wa Ubelgiji walishushwa Stanleyville (Kisangani ya leo), mji uliokuwa mikononi mwa waasi, kwa ndege za Marekani. Serikali nyingi za Afrika ziliona kwamba uhuru wa Kongo umenyang'anywa mchana kweupe, na Algeria, Misri na Tanzania zikawa miongoni mwa zilizounga mkono upinzani.

Che alifika katika hali hiyo. Alfajiri ya tarehe 24 Aprili yeye na kikundi chake cha kwanza, jumla watu 14, walivuka kutoka Kigoma wakatua Kibamba, upande wa Kongo. Wakuba walipewa majina ya hesabu zetu: Víctor Dreke aliitwa Moja na Che mwenyewe aliitwa Tatu. Baadaye idadi yao ilizidi 100. Juni walishambulia mahali paitwapo Bendera, penye kituo cha umeme, wakashindwa vibaya. Laurent Kabila, aliyekuwa mmoja wa wakuu wa upande ule wa vita, alikaa nje muda mwingi, akafika kambini Julai kwa siku chache na kuondoka tena. Mimi sioni kwamba kushindwa kule kulitokana na Kabila peke yake, ingawa ndivyo inavyopendwa kusimuliwa. Tarehe 19 Juni Rais Ahmed Ben Bella alipinduliwa Algeria, na wapiganaji wakampoteza mmoja wa wafadhili wao wakubwa. Tarehe 13 Oktoba Rais Kasavubu alimfukuza Tshombe, kisha akawaahidi wakuu wa Afrika waliokutana Accra kwamba mamluki wataondolewa. Kwa ahadi hiyo serikali yetu iliwaomba Wakuba waondoke, na ombi hilo lilifika mwanzoni mwa Novemba.

Hapa ndipo ningewataka wanafunzi watulie. Makubaliano ya Accra yalifanywa na Kasavubu. Che alivuka ziwa tarehe 21, na baada ya siku tatu tu Mobutu akamwondoa Kasavubu. Wakuba wakawa wameondoka, mamluki wakabaki, na yule aliyetoa ahadi hakuwa tena na madaraka ya kuitimiza. Mobutu alitawala hadi Mei 1997, alipoondolewa na Kabila huyo huyo. Kambi ya Nyarugusu pale Kasulu ilifunguliwa 1996 kwa ajili ya watu waliokimbia vita iliyomng'oa. Mwanafunzi wa Kigoma aliyezaliwa jirani na kambi ana haki ya kujua kwamba Novemba 1965 inahusika na maisha yake.

---

Njiapanda (Tabora):

Ndugu yangu wa Kigoma ameeleza kwa kina, na mizigo anayoisema ilipita hapa kwetu kabla ya kufika kwake, kwa sababu treni ya Kigoma haina njia nyingine. Hata hivyo naona bango liongozwe na Rhodesia.

Kongo tulikuwa tunasaidia. Katika suala la Rhodesia tulilazimika kuamua sisi wenyewe, na uamuzi ule ulitugharimu. Walowezi wapatao 220,000 walijitwalia nchi yenye Waafrika takriban milioni nne, huku viongozi wa Waafrika hao, Joshua Nkomo na Ndabaningi Sithole, wakiwa kizuizini, na waziri mkuu wa Uingereza, Harold Wilson, alikuwa amekwisha kutamka hadharani kwamba Uingereza haitatumia nguvu za kijeshi. Mawaziri wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika walikutana Addis Ababa mwanzoni mwa Desemba wakaazimia kwamba, Uingereza isipouzima uasi wa Smith kufikia tarehe 15 Desemba, nchi wanachama zivunje uhusiano nayo. Tarehe ilipofika, waliotimiza azimio hawakufika hata theluthi moja ya wanachama. Tanzania ilikuwa miongoni mwao, ikijua kwamba mkopo wa pauni milioni 7.5 ulikuwa njiani kutoka London. Mkopo ukazuiwa.

Sasa utazame mwaka mzima. Januari tuligombana na Marekani hadi wanabalozi wake wawili wakafukuzwa. Februari Ujerumani Magharibi iliondoa msaada wake wa kijeshi kwa sababu Ujerumani Mashariki iliruhusiwa kuwa na ofisi ya konseli Dar es Salaam, na Mwalimu Nyerere akawajibu kwamba waondoe na ule msaada mwingine wa serikali yao. Desemba ikawa zamu ya Uingereza. Ndani ya miezi 12 nchi changa iligombana na mataifa matatu makubwa yaliyokuwa yakiipa fedha, na katika kila ugomvi swali lilikuwa kama anayetoa msaada anapata pia haki ya kutuchagulia marafiki na maadui. Azimio la Arusha la 1967, pale linapokataa kuyafanya maendeleo yategemee fedha za nje, linasomeka vizuri zaidi ukiwa na mwaka huu mkononi.

Na msiisahau Zambia. Reli yake ilipitia Rhodesia, na mafuta yake pia. Desemba ile mafuta yalipokatwa, Zambia ilianza kupelekewa kwa ndege na kwa mapipa juu ya malori yaliyotoka Dar es Salaam katika barabara ya vumbi na matope. Bomba la mafuta la TAZAMA, kutoka Tanzania hadi Zambia, lililokamilika 1968 lilitokana na dhiki ile. Reli ya TAZARA ilizungumzwa kabla, maana Mwalimu Nyerere alikwenda Peking (Beijing) Februari 1965 na waziri mkuu wa China, Zhou Enlai, akaja Dar es Salaam Juni, lakini ni Smith aliyeifanya iwe jambo lisiloweza kungoja.

---

Dada wa Kasulu:

Kaka zangu, mnabishana juu ya Kongo na Rhodesia kana kwamba dunia ilikuwa na nchi mbili. Swali la Mwalimu lilikuwa matukio ya dunia.

Mwaka ule Marekani ilishusha wanajeshi wake wa majini Da Nang tarehe 8 Machi, na kufikia mwisho wa mwaka ilikuwa na askari takriban 184,000 Vietnam. Agosti na Septemba India na Pakistan zilipigana. Indonesia, baada ya jaribio la mapinduzi la usiku wa tarehe 30 Septemba, mauaji yalianza yaliyoangamiza watu kwa mamia ya maelfu, na Rais Sukarno akaanza kuporomoka. Ukiniuliza mimi, hakuna tukio la mwaka ule lililomwaga damu nyingi kuliko hilo, na inanisikitisha kwamba sikuwahi kulifundishwa darasani.

Uzi anaoutafuta Mwalimu nauona hapa. Mwaka 1955 mataifa ya Asia na Afrika yalikutana Bandung, mwenyeji akiwa Sukarno, na India na Pakistan zikiwa miongoni mwa walioitisha. Mkutano wa pili ulipangwa kufanyika Algiers mwishoni mwa Juni 1965. Siku kumi kabla ya kufunguliwa, mwenyeji wake, Ben Bella, alipinduliwa. Ukaahirishwa hadi Novemba, kisha ukaachwa kabisa. Kwa hiyo wapiganaji wa Kongo waliposhindwa, na pia Smith alipojitangaza, lile jukwaa ambalo lingeweza kusema kwa sauti moja lilikuwa halipo tena. Bango liongozwe na Algiers.

---

Mwalimu wa Ujiji:

Nawashukuru sana. Dada, hoja ya Algiers sikuitarajia, na nitaipeleka darasani kesho. Kuna swali la mwanafunzi mmoja ambalo nimeshindwa kulijibu: kama Che alipita hapa mara mbili, mbona babu na bibi zetu hawamtaji?

---

Mzee wa Bangwe:

Mwanangu Mwalimu, hawamtaji kwa sababu hawakumjua. Alikuja akiwa amenyoa ndevu, amevaa miwani, kwa jina lisilo lake, na wakati ule dunia nzima ilikuwa ikiuliza yuko wapi. Fidel Castro, kiongozi wa Kuba, alisoma barua yake ya kuaga hadharani tarehe 3 Oktoba bila kusema aliko. Kitu ambacho Havana hawakuambiwa, mchuuzi wa samaki wa Kibirizi angekijuaje?

Marehemu baba yangu alikuwa mtumishi wa reli hapa Kigoma. Alichokuwa akitusimulia ni makasha yaliyoteremshwa jioni, ambayo wapagazi wa kawaida hawakuruhusiwa kuyagusa, na boti zilizoondoka bila taa ilhali kila mvuvi wa dagaa huwasha taa yake akiingia ziwani. Wenyeji walijua kwamba kuna vita na kwamba serikali inasaidia upande mmoja. Majina ya wakubwa hayakuwa shughuli yao.

Wanachokikumbuka wazee wa Ujiji ni watu. Mji wa Baraka uliposhambuliwa na mamluki mwishoni mwa Septemba, kisha Fizi ikaanguka, walivuka Wabembe na wengineo wakiwa na watoto, kuku, magodoro na masufuria, nao hawakuwa wageni kabisa, kwa kuwa ziwa hili halijawahi kuwatenganisha ndugu. Wapo waliopokelewa majumbani na jamaa zao wakabaki hapa hapa. Wengine baadaye walipelekwa makazi ya wakimbizi ya Pangale, upande wa Tabora, na ndugu wa Njiapanda anaweza kulithibitisha hilo. Ninyi wote watatu mmeandika kwa ujuzi mkubwa juu ya marais na mikutano, nami sina la kupinga, lakini bango lisilo na watu hawa litakuwa na upungufu. Wanafunzi wako waulize majumbani mwao familia zao zilivuka mwaka gani. Watapata majibu ambayo hayamo katika kitabu chochote.

---

Mwalimu wa Ujiji:

Shikamoo Mzee. Nitafanya hivyo. Nimeamua kundi lisichague kichwa kimoja. Wataanza na Bujumbura ya Januari, Algiers ya Juni iwe katikati, na Novemba yote ipewe nusu ya karatasi, Kongo na Rhodesia ubavu kwa ubavu, na chini yake majibu watakayoyapata kwa wazee. Ndugu wa Tabora, nisaidie jambo moja la mwisho: uhusiano wetu na Uingereza ulirejeshwa lini, na je, Smith alikuwa amekwisha kuondoka?

---

Njiapanda (Tabora):

Pangale nalithibitisha, Mzee, na shikamoo.

Mwalimu, uhusiano ulirejeshwa mwaka 1968, na Smith alikuwa bado madarakani. Zimbabwe ilipata uhuru tarehe 18 Aprili 1980, baada ya vita virefu vilivyopiganwa na Wazimbabwe wenyewe, wengi wao wakiwa wamepitia makambi ya mafunzo yaliyokuwa hapa nchini. Wanafunzi wayaandike yote mawili kama yalivyo. Atatokea mmoja atakayeuliza kama kuvunja uhusiano kulisaidia chochote, na ni swali zuri. Mimi naamini kulisaidia, kwa sababu baada ya Desemba 1965 hakuna aliyeweza kusema kwamba Afrika iliunyamazia uasi wa Smith, lakini usiwape jibu hilo kabla hawajalijadili wenyewe.