Kijana wa kijiji cha milimani Flores, Indonesia, anategemea nini?

Swali: Ndugu wanajukwaa, nimesoma kuhusu Wae Rebo, kijiji cha Wamanggarai katika kisiwa cha Flores, ambacho hufikiwa kwa kupanda mlima kwa miguu. Je, vijana wake wana matumaini gani ya maisha?

Jibu la 1: Wapo wageni, ambao hulala pamoja ndani ya mbaru niang, nyumba ya msonge ambayo paa lake huteremka hadi karibu na ardhi. Nyumba hizo ni saba tu, na ukarabati wake ulipata tuzo ya UNESCO mwaka 2012. Hata hivyo, watoto hulazimika kushuka hadi kijiji cha Kombo kusoma.

Jibu la 2: Wae Rebo ina bahati, ndugu yangu. Kwingineko katika mkoa huo wa Nusa Tenggara Timur, vijana wengi huenda Malaysia kufanya kazi katika mashamba ya michikichi, wengine bila vibali. Sheria ya Vijiji ya Indonesia ya 2014 iliwezesha fedha za serikali kuu kufika vijijini, zikajenga barabara, ambazo (sizidharau) huwarahisishia pia kuondoka.

Jibu la 3: Msiisahau kahawa. Buni inayoanikwa uani, ikikobolewa na kukaangwa hapo hapo, humpa mkulima zaidi kuliko ile anayomuuzia dalali ikiwa mbichi.