Naomba ushauri: zoezi la balagha (sanaa ya kuhutubia) ya Athens ya kale kwa kidato cha tano

Mleta mada: Wakuu, salaam. Nataka wanafunzi waonje jinsi vijana wa Athens walivyofundishwa kuhutubia. Nimepanga kila mmoja aongee dakika tano kwa mada anayoipenda, kisha darasa linyooshe mikono. Nina vipindi viwili vya dakika 40. Nirekebishe wapi?

Mchangiaji 1: Hiyo ni midahalo yetu ya kila Ijumaa, mkuu. Wape kesi. Kule mtu alijisemea mwenyewe mahakamani. Ndiyo maana akina Lysias walilipwa kuwaandikia watu hotuba. Fuata mtindo wa Antiphon, mwandishi mwingine wa hotuba: kesi moja ya kubuni, hotuba nne, mshtaki na mshtakiwa wakipokezana. Mojawapo ni ya kijana aliyeuawa na mkuki mazoezini. Tukio halibishaniwi, kinachobishaniwa ni lawama: ya mrushaji, au ya marehemu aliyekatiza mbele? Wakimaliza, wabadilishane pande. Wengi watakwama hapo, maana wataitetea hoja waliyotoka kuiponda. Usiwaonee huruma.

Mchangiaji 2: Muda upime kwa maji. Chungu chenye tundu kilichochimbuliwa agora (uwanja wa soko wa Athens) kilibeba khous mbili (khous ni kipimo chao cha ujazo), kama lita 6.4, maji yakaisha kwa dakika sita hivi. Kesi ya madai ya chini ya drakma 1,000 (drakma ni sarafu yao) ilipewa khous tano kwa hotuba ya kwanza na mbili kwa ya pili. Kwako lita 6 kisha 3 zinatosha. Toboa ndoo chini, ujaribu kwanza na saa. Usiweke alama za dakika kwa nafasi sawa: maji yakipungua, mkandamizo unashuka na mtiririko unapungua kasi. Sheria au ushahidi ukisomwa, ziba tundu.

Mchangiaji 3: Mikono ilikuwa ya mkutano wa wananchi pale Pnyx, kilima cha Athens. Mahakamani karne ya 4 KK kura ilikuwa ya siri: kila mwamuzi alipewa visahani viwili vya shaba vyenye kijiti katikati, kimoja kijiti chake kina tundu (kura ya mshtaki), kingine hakina (kura ya mshtakiwa). Alivishika kwa kuziba ncha kwa vidole, jirani asione. Kata maboksi, chomeka mirija na penseli. Waamuzi wasijadiliane kabla ya kura. Zikilingana, mshtakiwa ameachiwa.

Mleta mada: Shukrani. Isocrates, yule mwalimu wa balagha, nimuingize?

Mchangiaji 1: Mtaje tu. Kwake mtu alikaa hata miaka mitatu au minne na ada ilitajwa kuwa drakma 1,000, wakati fundi alipata kama drakma moja kwa siku. Waulize nani aliimudu.