Wauza hereni, acheni kuita kila nakshi "filigrii"

Wakuu, huu ujanja umezidi. Fungua kurasa za wauza hereni na vidani mtandaoni: chochote chenye matundu na mapindo kimeandikwa "filigrii, kazi ya mkono", yaani pambo la nyaya nyembamba za madini zilizosokotwa, kupindwa na kuunganishwa kwa moto. Kumbe kitu kimesubiwa, yaani madini yaliyoyeyushwa yamemiminwa kwenye kalibu, mia kwa siku, halafu bei ya mkono!

Neno lenyewe linawaumbua. Waingereza walilipata karne ya 17 kupitia Kifaransa, filigrane, kutoka Kitaliano, filigrana. Ndani yake mna Kilatini, filum na granum: uzi na chembe. Wafaransa hata alama ya maji kwenye karatasi wanaiita filigrane, kwa kuwa ilitokana na waya uliopindwa na kushonewa kwenye chekeche la kutengenezea karatasi. Ndiyo, Kiingereza cha leo kinaliachia neno hili lizurure kwa pambo lolote jembamba la kutatanisha. Ruksa kwa washairi. Kwa anayepanga bei ni utapeli.

Kazi halisi iko hivi. Sonara anavuta waya wa fedha kwenye bamba la chuma lenye matundu yanayozidi kuwa madogo, na kila baada ya matundu kadhaa anaupasha moto ulainike, la sivyo unakatika. Nyuzi mbili zinasokotwa pamoja, zinapitishwa kwenye rola ziwe bapa. Hapo ndipo kingo zinapotoka chembechembe. Fremu ni waya mnene zaidi. Mapindo yanapachikwa ndani kwa kibano, moja moja, mpaka yabanane. Kisha boraksi (ya kusaidia lehemu itiririke), unga wa lehemu wa kuungia, moto.

Na moto ndio unaoua kazi. Fremu nene inachelewa kupata joto, waya mwembamba unawahi. Lehemu ngumu inataka zaidi ya 700°C, na fedha ya 925 (mchanganyiko wenye fedha 92.5%) inaanza kulegea kama 800°C. Ukituliza moto katikati kidogo tu, mapindo yanageuka tone. Ndiyo maana mafundi hupenda kujazia fedha safi, inayoyeyuka 961°C. Lehemu ikizidi nayo inafukia msokoto, na hakuna wa kuufukua. Watu wa Cuttack kule India, Gondomar Ureno na Mompox Kolombia wanaumiza macho kwa hili, halafu mtu na mashine ya kutoa vielelezo vya nta vya kusubia anajiita mwenzao.

Kukagua si kazi. Chukua lenzi ya mara 10. Kwenye filigrii utaona msokoto, na mapindo mawili yanapogusana utaona ni nyaya mbili zenye kiungo. Kilichosubiwa ni kipande kimoja: maungio yamejaa kama yamemwagiwa uji, pengine vitundu vya hewa, na pindo la kulia na la kushoto ni pacha hadi kasoro. Geuza nyuma. Mgongo ukiwa bapa usio na alama ya waya, kalibu hiyo; ukiwa umebonyea kufuata pambo la mbele, ni bati lililogongwa kwa chapa.

NYONGEZA kwa anayesema "lakini ina muhuri wa 925": muhuri unataja madini, yaani fedha 92.5%. Hautaji ilivyotengenezwa. Mwombe muuzaji picha ya mgongo, ya karibu. Akikutumia tena ya mbele, mlipe bei ya kalibu au mwachie hereni zake.