Tupeane uzoefu: siku intigrali au mlinganyo difarenshali ulipokubananisha

#1 (mwanzisha uzi)
Wakuu, salama? Naanza na langu. Mtihani ulitaka tudifarenshieti (yaani tutafute derivativu, kasi ya kubadilika) intigrali (eneo chini ya mkunjo) ya e^(−t²), t ikianzia 0 mpaka x². Nikajua bila kuintegreti kwanza sisongi. Nikajaza kurasa mbili nikibadili herufi kuwa u hapa, nikijaribu kuintegreti kwa sehemu pale, wapi! Baadaye ndiyo naambiwa e^(−t²) haina intigrali inayoandikika kwa fomula za kawaida, na wala hawakuihitaji. Unachukua kikomo cha juu, unakipachika mahali pa t, unazidisha kwa derivativu ya kikomo hicho: 2x·e^(−x⁴). Mstari mmoja. Haya, mwagikeni.

#2
Afadhali wewe ulikwama. Mimi nilijibu e^(−x⁴) fasta, nikatoka kifua mbele. Ile 2x sikuiona hata kwa mbali.

#3
Kilichoniumbua mimi ni konstanti, ile C inayoongezwa ukiintegreti. Nilipewa mlinganyo difarenshali, yaani wenye derivativu ndani yake: dy/dx = 3y. Nikatenganisha, y upande mmoja na x upande mwingine, nikafika ln y = 3x, nikapata y = e^(3x), ndipo nikakumbuka C nikaichomeka mkiani: y = e^(3x) + C. Mwalimu hakunikosoa, aliandika tu pembeni "rudisha". Nikarudisha jibu kwenye mlinganyo. Kushoto napata 3e^(3x), kulia 3e^(3x) + 3C. Hazilingani ng'o, labda C iwe 0. Kumbe C inaingia palepale unapointegreti, na ukishaondoa logi inageuka kizidisho: y = Ae^(3x). Siku hizi sipigi mstari chini ya jibu kabla sijalirudisha kwenye mlinganyo.

#4
Mkuu #3, na y = 0 je? Nayo inatimiza, ila ulipogawa kwa y uliitupa.

#3
Umenikamata. Inarudi A ikiwa 0.

#5
Mimi somo hili nilikuwa naliona usanii mtupu mpaka tulipopima maji ya moto maabara. Chumba nyuzi 25, maji yalianza 90, dakika ya 10 yakasoma 70. Tukaulizwa, dakika ya 20 je? Darasa zima tukaimba: 50! Maana yameshuka 20, si yatashuka 20 tena? Sheria ya Newton ya kupoa haiendi hivyo. Kasi ya kupoa inafuata tofauti kati ya maji na chumba, na tofauti yenyewe inapungua. Ilikuwa 65, ikawa 45, kwa hiyo dakika 10 zinazofuata unazidisha tena kwa 45/65, inabaki kama 31. Jumlisha na chumba: 56. Kipimajoto kikasoma karibu na hapohapo, na mimi nikanyamaza.

#6
Mimi nilipewa y(x) = 1 + intigrali ya y(t), kutoka 0 hadi x. Nusu saa naikodolea macho: y natafuta, y iko ndani ya intigrali! Jirani akaninong'oneza, difarenshieti pande zote. Ikawa y′ = y. Halafu weka x = 0, intigrali inakufa, y = 1. Sharti la mwanzo walilificha humohumo kwenye swali. Jibu e^x.

#1
#6 hiyo tamu. Sasa kikomo cha juu kikiwa x² badala ya x?

#6
Inakuwa y′(x) = 2x·y(x²). Y ya hapa inaidai y ya kwingine, kutenganisha hakuna. Mkuu, hiyo ifungulie uzi wake.