Waandaaji wa mashindano ya gemu Arusha, rudisheni ada zetu. Wiki 3 sasa mko kimya

Wakuu, habari za leo. Mimi ni mkazi wa Moshi, nina kibanda cha gemu mtaani na nina timu ya vijana watano wa Counter-Strike (gemu la kupigana risasi, timu kwa timu) ambao nimekaa nao miaka mitatu. Sijawahi kufungua uzi wa kulalamika. Leo nafungua kwa sababu simu zetu hazipokelewi, na nimesikia watu wale wale wameshaanza kuandikisha timu za mashindano mengine mwezi Desemba. Jina la mtu sitaji, na ukumbi pia sitaji. Wahusika wanajijua.

Ada ilikuwa 50,000 kwa timu. Timu zilikuwa 16, kwa hiyo walikusanya 800,000. Bingwa aliahidiwa 500,000. Masharti yalisema kila mchezaji aje na kompyuta yake, zitaunganishwa zote kwa waya ukumbini, seva (kompyuta inayoendesha mechi) iwe pale pale, mtu asicheze kwa kutegemea intaneti. Hilo ndilo lililotuvuta. Mchezaji wa mkoani amezoea kucheza na pingi (muda wa data kwenda kwenye seva na kurudi) ya milisekunde 150 na zaidi kwa bando la simu, anapigwa risasi akiwa ameshajificha nyuma ya ukuta. Kwenye LAN, yaani kompyuta zilizounganishwa kwa waya ukumbini, hakuna kisingizio, mwenye mkono mzuri anaonekana.

Tuliondoka stendi ya Moshi saa 11 alfajiri na sipiyu (maboksi ya kompyuta) tano zimefungwa mablanketi. Konda alitutoza viti viwili vya ziada kwa ajili ya mzigo, tukalipa. Dogo wetu mmoja wa Pasua alikataa yake isiwekwe nyuma. Aliipakata kutoka Moshi, Boma Ng'ombe, Usa River, mpaka tunashuka Arusha miguu imekufa ganzi. Ile mashine ameiunga kipande kwa kipande kwa mwaka na nusu, kwa hela ya kuosha bodaboda. Naomba mkumbuke hilo.

Saa 1 na nusu tuko ukumbini, maeneo ya Njiro. Usiku wake kulikuwa na sendofu. Viti bado vimevalishwa vitambaa, meza za duara zimejaa chupa, na wadada wawili wanafagia maua ya plastiki. Mashindano ya watu 80 yanaanza saa 3, na hakuna hata waya mmoja uliotandazwa! Fundi wa mtandao, kijana ambaye mimi simlaumu kwa lolote, alituambia aliomba apewe ukumbi tangu Ijumaa mchana ili afunge swichi zake (visanduku vya kuunganishia waya za mtandao) na kuzijaribu usiku kucha. Akajibiwa Ijumaa ukumbi una mteja. Lakini spika zilikuwepo, MC alikuwepo, na bango la mita nne lenye picha za waandaaji lilishatundikwa.

Umeme sasa. Kompyuta ya gemu pamoja na kioo chake, ikiwa inacheza, weka wati 300 kwa makadirio ya chini. Mara 80 ni wati 24,000. Hesabu ya darasa la nne. Hawa walikodi jenereta ya KVA 15, ambayo mzigo wake wa kweli ni kama wati 12,000, na humo humo wakachomeka spika za MC. Ukutani nako hivyo hivyo: plagi moja ya ampea 13 inabeba kama wati 3,000, wao wameunganisha ekstensheni juu ya ekstensheni, mashine 12 kwenye tundu moja. Nilishika waya ule kwa mkono, ulikuwa wa moto kama pasi. Nikamwita mmoja wa wasimamizi, akaniambia "kaka tulia, ndio tunaanza."

Saa 5 umeme ukakatika. Jenereta ikawashwa huku mashine zote ziko kwenye plagi, hakuna aliyeambiwa achomoe. Taa zikafifia, zikawa za njano, halafu umeme ukaruka juu ghafla. Tukasikia "pa!" kwenye meza yetu. Moshi mwembamba ukatoka nyuma ya sipiyu ya dogo, na ile harufu ya kitu cha umeme kilichoungua. Pawa saplai, kifaa kinachoipa kompyuta umeme, imekwenda. Dogo hakusema neno, alikaa kitako pembeni ya mashine yake, mkono juu ya kifuniko. Mwandaaji alikuja akaangalia, akasema "pole sana mdogo wangu," akaondoka. Hiyo pole ndiyo fidia pekee aliyoipata mpaka leo.

Likaja suala la sasisho. Siku mbili kabla, gemu lilitoa sasisho la kama GB 1.5, na nusu ya watu walikuwa hawajalishusha kwa sababu bando ni hela. Mashine 40 zikaanza kushusha kwa pamoja kwenye laini moja ya Mbps 20. Pigeni hesabu wenyewe: GB 60 kwa mwendo huo ni saa 6 na dakika 40. Wakati mashine moja ingeshusha peke yake kwa dakika 10, halafu ikazigawia nyingine kwa waya wa ndani. Steam yenyewe, programu tunayoshushia magemu, tangu 2023 ina uwezo wa kuhamisha gemu kutoka kompyuta moja kwenda nyingine zilizo kwenye mtandao mmoja. Nilipomweleza msimamizi, hakuwa anajua kama kitu hicho kipo. Na huyo ndiye aliyeandikwa kwenye bango kuwa mkurugenzi wa mashindano.

Saa 7 wenye sasisho tayari tukadhani tunaanza. Mtandao wote ukaanguka. Seva haionekani, pingi inapanda mpaka elfu, watu wanatupwa nje. MC anatangaza kwenye spika kwamba kampuni ya intaneti ndiyo imetuangusha. Intaneti inaingiaje kwenye mechi inayochezwa ndani ya ukumbi mmoja kwa waya? Fundi alikuwa peke yake, anakimbia meza hadi meza. Nikapiga magoti nikaanza kukagua swichi za upande wetu. Chini ya meza ya tatu nikakuta swichi taa zake zote zinawaka na kuzima kwa pamoja, haraka haraka, bila kupumzika. Nikafuata waya mmoja wa bluu kwa vidole, ulikuwa umejiviringisha kwenye mguu wa meza. Ncha zake zote mbili zimechomekwa kwenye swichi ile ile! Mtu aliukuta unaning'inia akaona autafutie tundu. Data ikawa inazunguka humo bila kutoka mpaka mtandao mzima ukajaa. Nilichomoa ncha moja, na kabla sijasimama ukumbi mzima ulishaanza kupiga kelele kwamba seva imerudi. Ilikuwa saa 9 alasiri. Saa mbili zimepotea kwa waya wa mita moja ambao haukuwekewa hata kipande cha karatasi cha kuutambulisha.

Hapo bado sijagusa michezo yenyewe. Waliweka projekta kubwa mbele ya wachezaji, inaonyesha mechi moja kwa moja bila kuchelewesha hata sekunde, ramani yote iko wazi. Kuchelewesha matangazo ni mstari mmoja wa amri kwenye seva. Hakuna aliyeuandika. Vijana wangu, na dogo akiwa ameazimwa mashine ya timu ya Kaloleni (Mungu awabariki wale vijana), wawili wamebana upande wa A wa ramani, wanasubiri wenzao watatu wazunguke kimya kimya upande wa pili, B. MC akapaza sauti kwenye spika: "Jamaa wanazunguka B, wanazunguka B!" Wapinzani wakageuka, wakawamaliza wote watatu mlangoni. Nilikwenda kwa mwamuzi. Akasema MC anachangamsha watu.

Ratiba nayo. Walitangaza mfumo wa kufungwa mara mbili ndipo unatoka. Kwa timu 16 hiyo ni mechi 30 kwa uchache, na timu iliyofungwa mechi ya kwanza ikipambana hadi fainali inacheza mechi 8. Mechi moja ni dakika 35 hadi 50, bado kubadilishana meza. Hata kama kila kitu kingekwenda sawa tangu saa 3 asubuhi, kumaliza saa 12 jioni kulikuwa kwa shida. Wao walianza saa 9 alasiri. Saa 2 usiku wakafuta nafasi ya pili, timu zilizopoteza mechi moja zikaambiwa zifunge mizigo. Saa 4 na nusu mwenye ukumbi akataka funguo zake, na nusu fainali zote mbili, mpaka bingwa mwenyewe, zikaamuliwa kwa kurusha shilingi. Watu wametoka Karatu, Babati na Moshi, wanaangalia sarafu.

Mshindi wa shilingi alipewa hundi ya maboksi apige nayo picha, akaambiwa hela itaingia kwenye simu wiki ijayo. Nimeongea naye jana. Haijaingia hata mia.

Najua watakuja hapa kusema bado wachanga na hawana hela kama Wazungu. DreamHack ya Uswidi, tamasha la gemu ambalo leo kila mchezaji analijua, mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilikuwa mkusanyiko wa vijana kwenye chumba cha chini cha shule ya msingi pale Malung. Mimi silalamikii ukosefu wa fedha. Kulala ukumbini usiku mmoja na kujaribu waya kunagharimu usingizi tu, na fundi wenu alikuwa tayari kuutoa.

Tunachodai: ada ya timu zote zilizotolewa kinyume na masharti, zawadi ya bingwa, na pawa saplai ya dogo, ya wati zile zile na yenye ubora ule ule.

NYONGEZA: Mkuu uliyesema hapo chini kwamba ni gemu tu tusikuze mambo, dogo hajacheza tangu siku ile, na mashine aliyokuwa anaitumia pia kuwachapia watu barua za maombi ya kazi imelala chini ya kitanda. Nina jumbe za muamala za timu 6 mpaka sasa, zote zimetumwa namba moja. Timu 10 zilizobaki, nitumieni zenu kwa ujumbe wa faragha, msiziweke hapa wazi. Jumatatu asubuhi napanda gari kwenda Arusha kufungua shauri, na nataka niende nazo zote 16.