Minesweeper: nitapunguzaje muda katika kiwango cha kati?

Swali
Habari zenu, ndugu. Ninacheza Minesweeper, mchezo wa kompyuta wa kufungua visanduku bila kulipua mabomu yaliyofichwa, katika kiwango cha kati, chenye visanduku 16 kwa 16 na mabomu 40, na ingawa mara nyingi ninamaliza bila kulipua bomu, saa hupita sekunde 200 kwa sababu ninasimama kuhesabu kila namba (inayoonyesha ni mabomu mangapi yanayoizunguka). Wanaomaliza haraka wanafanyaje?

Jibu la 1
Ndugu yangu, zoea maumbo yanayojirudia. Ukikuta 1-2-1 zimejipanga kando ya ukuta mnyoofu wa visanduku vilivyofungwa, mabomu yako mkabala na zile 1 mbili, na kisanduku kinachotazamana na 2 ni salama. Kingekuwa na bomu, 2 ingehitaji bomu jingine ubavuni mwake, na mojawapo ya zile 1 ingegusa mabomu mawili, jambo lisilowezekana. Kwa 1-2-2-1, mabomu yako mkabala na zile 2.

Jibu la 2
Naongezea kuhusu kipanya. Namba ikishatimiza bendera zake (alama unazoweka kwenye visanduku vyenye mabomu), bonyeza juu yake vitufe vyote viwili kwa pamoja, na visanduku vilivyobaki kuizunguka vitafunguka kwa mpigo mmoja. Bendera isiyokusaidia kufanya hivyo usiiweke, maana inakula muda bure.

Muulizaji
Nashukuru sana. Na visanduku viwili vya mwisho kwenye kona visipotofautishika?

Jibu la 1
Tazama kwanza idadi ya mabomu yaliyobaki. Isipokusaidia, bahatisha papo hapo, kwa kuwa kufikiri zaidi hakutakupa taarifa mpya na saa inaendelea kuhesabu.